Nilisema Ni Wanja Tu

Nilikosea kuhusu Mercedes-Benz E-Class ya mwaka 2006, na kosa langu likalipwa na mtu mwingine. Nawaandikia wapenzi wa magari wenzangu, hasa wale ambao ndugu na marafiki huwafuata kuwauliza kabla ya kuagiza gari. Kosa lenyewe ni rahisi kulifanya, na wanaolifanya zaidi ni wale wanaojiona wanajua.

E-Class ninayoizungumzia ni ile ambayo wenyewe tunaiita W211. Ilitoka mwaka 2002, na mimi niliipenda tangu picha ya kwanza. Taa nne za mbele zilizolazwa nyuma kidogo, paa lililoshuka taratibu hadi kwenye buti, mlango uliofungwa kwa sauti nzito isiyo na kelele. Pale mjini Dar es Salaam zilikuwa chache, nyingi zikiwa za mabalozi na wakubwa wa mashirika, na nilipoiona moja imeegeshwa Posta nilisimama kuitazama hata kama nilikuwa nimechelewa ninakokwenda. Nilikuwa najua namba za aina zake kwa moyo. Mtu akinisomea namba ya chesisi kwenye simu, nikasikia 211056, nilimwambia kabla hajamaliza kwamba hiyo ni E350 ya milango minne. Kijiweni kwetu, ambapo tulikutana jioni kwenye gereji ya rafiki, neno langu kuhusu Benzi lilikuwa ndilo la mwisho. Nililipenda hilo pia.

Gari la daraja hilo huishi miaka saba hivi kabla ya kuja umbo jipya kabisa, na katikati ya umri huo mtengenezaji hulifanyia marekebisho. Sisi wapenzi huyasubiri marekebisho hayo kwa hamu isiyo na kipimo. Mimi nilikuwa na sababu zaidi ya kusubiri. BMW walikuwa wameshaleta 5 Series yao mpya mwaka 2003, yenye umbo lililozua ubishi dunia nzima, na Audi wakafuata na A6 mwaka 2004. Nilitaka W211 iwajibu. Kichwani nilishaichora: taa nyingine, nyuma nyingine, dashibodi nyingine.

Aprili 2006 gari lililorekebishwa likaonyeshwa New York. Nililiona baadaye kwenye jarida la magari la Uingereza nililonunua kwa wauza vitabu vya mtumba wa Mtaa wa Samora. Nilifungua ukurasa nikiwa nimesimama palepale. Bampa ya mbele ilikuwa imeshuka kidogo. Grili ilikuwa imechongoka katikati. Taa zimeguswa, usukani ni mwingine, na vioo vya pembeni vimebadilishwa umbo. Basi. Milango ileile, mabawa yaleyale, paa lilelile. Kampuni ilisema sehemu zipatazo 2,000 zilikuwa mpya au zimeboreshwa, na mimi nilipolisoma hilo nilihisi nimedharauliwa, maana nilizitafuta hizo 2,000 kwenye picha nisizione.

Jioni ile kijiweni nikasema, "Wameipaka wanja tu."

Neno lilipendwa. Likawa langu. Kila aliyeuliza tofauti ya W211 ya mwanzo na ya baada ya 2006 alijibiwa hivyo, na wengine walilichukua wakaenda kulisema kwingine. Nililirudia kwa miaka, na katika miaka yote hiyo sikurudi hata mara moja kusoma maelezo yaliyokuwa chini ya zile picha.

Nikuambie jinsi marekebisho haya yanavyofanyika, jambo ambalo nililijua hata wakati ule na bado halikunisaidia. Kitu ghali zaidi kukibadilisha kwenye gari ni bati lake: kalibu za kukandamizia mabawa, milango na paa, na majaribio ya kuligongesha gari upya ili kupima usalama wake. Ndiyo maana katikati ya umri wa gari bati huachwa. Kinachobadilishwa nje ni plastiki na vioo, yaani bampa, taa, grili na vioo vya pembeni, kwa sababu hivyo hubadilika bila kugusa mwili wenyewe. Fedha iliyobaki huenda chini ya bati: injini, giaboksi, breki, nyaya, programu za kompyuta. Anayelipima gari la namna hiyo kwa macho anapima sehemu ambayo fedha haikwenda. Wakati mwingine macho hupewa yanachotaka, kama ilivyokuwa mwaka 2013 kwa E-Class iliyofuata, pale taa nne za mbele zilipounganishwa zikawa mbili na kila mtu akashangilia. Wakati mwingine hayapewi. Toyota Celsior, ambayo nje ya Japani ni Lexus LS 430, iliporekebishwa mwaka 2003 ilipata giaboksi ya gia sita badala ya tano, na ukiwa umesimama nje huwezi kuiona giaboksi. Yote haya niliyajua. Nilikuwa nikiwaeleza watu kuhusu Celsior. Kwa Benzi niliyoipenda, nilikuwa nimekasirika mno hata nisiyatumie.

Mwaka 2012 mume wa dada yangu alipata fedha kidogo na akataka kutimiza ndoto yake ya siku nyingi. Aliniletea karatasi mbili za mnada kutoka Japani. Zote zilikuwa E350, rangi ya fedha. Moja ya mwaka 2005, nyingine ya 2007. Ya 2007 ilikuwa ghali zaidi, na tofauti ya bei haikuwa ndogo kwa mtu anayesomesha watoto.

"Shemeji, hizi wewe ndiye unazijua," akaniambia. "Nichukue ipi?"

Sikufikiri. Nilimwonyesha injini: M272, nguvu za farasi 272 kwa zote mbili. Nikamwonyesha giaboksi: ya gia saba kwa zote mbili. Nilimtahadharisha hata kuhusu M272 za awali, ambazo baadhi yake meno ya shafti ya mizani hulika mapema, na nikamwambia tutaisikiliza injini ikifika. Kwa hiyo siwezi kusema nilikuwa mvivu. Nilifanya kazi yangu vizuri pale nilipopenda kuifanya. Halafu nikamwambia kwamba fedha ile ya ziada angelipia vioo vya pembeni na bampa. "Chukua ya 2005, shemeji. Hiyo nyingine wameipaka wanja tu."

Alichukua ya 2005.

Gari lilipofika lilikuwa zuri kweli. Wiki ya kwanza aliniuliza kwa nini akifungua mlango wa dereva husikia mngurumo mdogo mbele, chini ya boneti, unaodumu kidogo kisha kunyamaza, na injini haijawashwa. Nilimjibu kwa fahari. Hiyo ilikuwa pampu ya breki ikijiandaa. W211 ile ilikuwa na breki ambazo Mercedes-Benz waliziita SBC, zilizotangulia kwenye SL mwaka 2001. Katika gari la kawaida mguu wako husukuma mafuta ya breki hadi kwenye magurudumu. Katika SBC, pedali hupeleka taarifa kwa kompyuta, nayo kompyuta huamua kila gurudumu lipewe shinikizo kiasi gani, kutoka kwenye akiba ya shinikizo inayojazwa na pampu ya umeme. Mvua ikinyesha, hubana diski kidogo kidogo zikauke bila wewe kujua. Ukitoa mguu ghafla kwenye mafuta, husogeza pedi karibu na diski kabla hujakanyaga breki. Nilimweleza yote hayo. Alifurahi. Nami nilifurahi kuyaeleza.

Tazama jinsi nilivyokuwa karibu na ukweli. Nilijua breki hizo zipo. Nilijua zinavyofanya kazi. Nilikuwa nimesoma kwamba Mei 2004 kampuni iliyaita magari 680,000 ya E-Class na SL yarudi kuangaliwa kwa sababu yake, na kwamba mwaka 2005 iliyaita tena mengine, safari hiyo zaidi ya milioni moja, kwa matatizo ya umeme na breki pamoja. Kwangu hizo zilikuwa habari za Ulaya na Marekani, tena zilizokwisha. Yameitwa, yametengenezwa, yamerudishwa. Swali ambalo mtu yeyote makini angejiuliza ni hili: mtengenezaji aliyepitia hayo, akipata nafasi ya kulirekebisha gari mwaka unaofuata, atagusa nini kwanza? Sikujiuliza. Nilikuwa naangalia vioo.

Ujumbe ulitokea kwenye dashibodi asubuhi moja akiwa anatoka nyumbani Mbezi: breki zinahitaji huduma, nenda karakana. Gari lilisimama vizuri kama siku zote. Pedali haikubadilika. Alinipigia, nami nikamwambia huenda pedi zimekwisha, tukutane gereji.

Fundi aliyelipokea alikuwa kijana. Alifungua boneti, akatazama, akalifunga. Msaidizi wake alikuwa ameshainama kwenye gurudumu la mbele na spana mkononi. Kijana akamzuia.

"Usiguse hapo. Hii lazima ilazwe kwanza kwa mashine. Itakubana vidole."

Ni kweli, na mimi sikuwa nikijua. Kwa kuwa breki hizo hujijaza zenyewe, fundi akitoa pedi bila kuzima mfumo kwa kompyuta, pistoni zinaweza kubana mkono wake ukiwa ndani. Kijana alichomeka mashine yake, akasubiri, akasoma, kisha akanigeuzia skrini mimi badala ya mwenye gari, kwa sababu alinijua kwa sifa.

"Mzee, pedi bado nzima. Humu ndani kuna hesabu. Kila ukikanyaga breki, inaongeza moja. Imejaa."

Pampu ya SBC ilitengenezwa kwa idadi fulani ya kukanyaga breki, takriban 300,000, na kompyuta yake hukumbuka. Ikifika hapo inadai kubadilishwa, hata kama breki zinashika. Ikipuuzwa na mfumo ukaja kuzimika, mguu wako unabaki na breki za magurudumu ya mbele tu, kwa pedali ngumu inayokwenda chini mno. Nilifikiria gari lile lilikotoka na lilikokuja. Miaka ya foleni za Japani, kisha Barabara ya Morogoro kila asubuhi, Kimara hadi mataa ya Ubungo enzi hizo daraja la juu halijajengwa, unasogea urefu wa gari moja, unakanyaga, unasogea, unakanyaga. Kila mkanyago uliandikwa.

Nikamuuliza kijana, W211 ambayo haina hesabu hiyo ni ipi.

"Za kuanzia katikati ya 2006. Walizitoa hizi breki, wakarudisha za kawaida."

Alilisema kwa wepesi, kama mtu anayetaja jambo linalojulikana na wote. Mume wa dada yangu alikuwa amesimama pembeni yangu. Hakuniangalia. Alikuwa akiitazama ile skrini, na nilijua kwamba kichwani mwake yuko kwenye zile karatasi mbili za mnada, kwa sababu na mimi nilikuwa huko huko. Sikuwa na la kusema. Nilimwambia, "Shemeji, hili ni langu." Akajibu, "Tuone kwanza wanasemaje bei."

Usiku ule nililitafuta lile jarida la Samora. Nilikuwa nimelitunza. Habari za breki zilikuwepo, katika aya iliyokuwa mbali na picha, sentensi mbili tu, kwamba mfumo wa SBC umeondolewa na mahali pake kuna breki za haidroliki. Ukurasa uleule ulieleza pia kwamba PRE-SAFE, inayokaza mikanda gari linapohisi ajali inakuja, na vile viegemeo vya kichwa vya NECK-PRO vinavyosogea mbele ukigongwa nyuma, sasa vinakuja na kila gari bila kulipiwa zaidi. Kwamba E200 Kompressor imetoka nguvu za farasi 163 hadi 184. Kwamba E500 imepewa injini nyingine na kupanda kutoka 306 hadi 388. Hilo la E500 nilikuwa nimelipigia mstari kwa kalamu mwaka 2006. Nilikuwa nimesoma hadi kwenye farasi, nikaruka breki.

Nimejiuliza sana kwa nini sentensi zile mbili zilinipita, na jibu ninaloliamini ni kwamba mimi husoma habari za gari jipya nikitafuta kilichoongezwa. Tangazo lenyewe limeandikwa hivyo. Mtengenezaji aliyetumia mwaka 2002 kuusifu mfumo fulani kuwa ndio kesho ya breki hawezi mwaka 2006 kuweka bango kubwa la kusema ameuondoa. Ataliandika kwa heshima na kwa ufupi, mahali pa kuonekana na anayetafuta. Kwa W211, jambo kubwa kuliko yote katika marekebisho yale lilikuwa ni kitu kilichotolewa, na kitu kilichotolewa hakipigwi picha. Mimi nilitaka kuonyeshwa. Nilipoona sijaonyeshwa, nikahukumu kwamba hakuna.

Simlaumu mtengenezaji katika hili. Aliandika. Simlaumu muuzaji wa Japani. Gari lilikuwa kama karatasi yake ilivyosema. Mtu aliyeulizwa swali moja na kulijibu vibaya ni mimi.

Gharama ilikuwa hivi. Pampu mpya iliagizwa kutoka nje, na bei yake pamoja na ushuru na kazi ilizidi ile tofauti niliyomwambia aiokoe. Tulijaribu kwanza Ilala na Gerezani kutafuta ya mtumba, tukaipata, lakini yule kijana akatueleza kwamba pampu ya mtumba huja na hesabu yake yenyewe ndani, ya gari lililokufa, na hakuna anayejua imebaki na nini. Tukaacha. Wakati mzigo unasubiriwa gari lilikaa kwenye kivuli cha gereji, na dada yangu akawapeleka watoto shule kwa daladala. Nililipa nusu. Alikataa mwanzo, kisha akapokea, na nilishukuru kwamba alipokea. Baada ya muda aliliuza kwa bei ya chini kuliko alivyotarajia, kwa sababu mnunuzi alikuwa amesikia habari za SBC, na akanunua Toyota Crown. Bado tunaitana shemeji na tunakula pamoja Idi. Kuhusu magari, siku hizi anamuuliza yule fundi. Amefanya vizuri.

Pale kijiweni nililazimika kulirudisha lile neno langu. Nilisema mbele ya wote kwamba W211 ya baada ya katikati ya 2006 ni gari bora kuliko ya kabla yake, kwamba nilikosea kwa miaka yote hiyo, na kwamba nilikosea kwa kutosoma. Wengine walidhani nazidisha. Mmoja akauliza kama sasa nimeanza kuvipenda vile vioo. Hapana, vioo bado naviona vya kawaida. Lakini kwa gari lililosajiliwa mwaka wenyewe wa 2006, ambalo linaweza kuwa la upande wowote, umbo la vioo na la bampa ya mbele ndilo humwambia mnunuzi kwa haraka anatazama lipi, ilimradi visiwe vimebadilishwa baadaye.

Siku hizi nikiletewa habari za gari lililorekebishwa naanza na swali la nini kimeondolewa, kabla sijatazama picha. Swali hilo halifurahishi kijiwe. Mara nyingi jibu lake ni dogo. Nalitafuta hivyo hivyo, nikilinganisha orodha ya vifaa vya mwaka wa nyuma na ya mwaka mpya, mstari kwa mstari, na nisipokuwa na uhakika namwambia anayeniuliza kwamba sina uhakika.

Linabaki jambo moja. Neno langu lilisafiri kuliko mimi, na najua wapo watu Dar es Salaam, na pengine Arusha na Mwanza, walioagiza W211 ya kabla ya katikati ya 2006 kwa sababu waliambiwa hakuna tofauti. Kama ni wewe, na ukifungua mlango wa dereva husikia ule mngurumo mbele, usisubiri ujumbe kwenye dashibodi. Mtafute fundi mwenye mashine inayoweza kuongea na breki hizo, umwombe akusomee hesabu, na uiandike. Kama unakaribia kununua moja, isomwe kabla hujalipa.